Alipimwa akaambiwa hana kitu, siku ya nne akapasuliwa

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, anaendesha bodaboda hapa Morogoro. Ijumaa jioni aligongana na bajaji, usukani ukamkita tumboni chini ya mbavu. Hospitali walimpiga ultrasaundi, wakasema hana damu tumboni, wakamchoma sindano ya maumivu, tukarudi nyumbani usiku huohuo. Jumamosi alilalamika kidogo tu, akanywa uji. Jumapili tumbo likajaa, homa ikapanda. Duka la dawa wakampa mseto na vidonge vya taifodi, na shangazi akamkanda kwa maji ya moto. Jumatatu usiku tukamkimbiza hospitali ya rufaa, alfajiri wakampasua wakakuta utumbo mwembamba umetoboka na usaha umejaa. Sasa ni wiki ya tatu, yuko nyumbani na mfuko wa choo tumboni. Naomba kujua, lile tundu lilikuwepo tangu Ijumaa au lilitokea baadaye? Wale wa kwanza walizembea? Na mfuko utatolewa lini?

Jibu: Marahaba dada yangu. Poleni sana hapo nyumbani, na mfikishie mgonjwa pole yangu. Tumbo likikaa na usaha siku mbili tatu huondoa watu, hata vijana wenye nguvu zao. Leo tunazungumzia mfuko wa choo kwa sababu Jumatatu usiku hamkusubiri kukuche.

Nianze na tundu. Kwa ulivyoeleza, naelekea kuamini kwamba utumbo ulitoboka palepale Ijumaa, au uliumia siku hiyo kiasi kwamba kutoboka kulikuwa ni suala la muda. Jumapili jeraha lililokuwa limejificha lilijitokeza. Najua ni vigumu kulikubali hilo ukikumbuka alivyokaa Jumamosi akinywa uji na kupokea wageni, kwa hiyo niruhusu nieleze linavyowezekana.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, umejikunja kunja, na umeshikizwa kwenye mgongo kwa utando mpana ambamo mishipa yake ya damu inapita. Usukani ukikita tumbo, utumbo unaweza kubanwa kati ya chuma na uti wa mgongo ukasagika. Au kipande chake kinafungika huku na huku kikiwa na maji na hewa ndani, shinikizo linapanda ghafla, nacho kinapasuka kama mfuko wa plastiki uliofungwa mdomo ukapigwa kofi. Au mwili unasimama ghafla huku utumbo ungali unakwenda, na pale uliposhikizwa kwa nguvu zaidi, yaani mwanzoni mwake na mwishoni unapoungana na utumbo mpana, utando unachanika pamoja na mishipa.

Sasa, tundu dogo halisemi kitu siku ya kwanza. Utumbo ulioumia hunywea na kuacha kujisukuma. Ngozi laini ya ndani hujibinua nje kupitia tundu na kuliziba. Ule utando wa mafuta uliotanda mbele ya matumbo nao husogea ukajibandika juu yake. Tena vilivyomo kwenye sehemu ya juu ya utumbo mwembamba havina asidi kali kama vya mfuko wa chakula, wala havijajaa bakteria kama choo cha kwenye utumbo mpana. Vikivuja kidogo, mgonjwa anasikia maumivu yaleyale ya mtu yeyote aliyegongwa, na kila mmoja, yeye mwenyewe akiwemo, anaamini ni michubuko. Saa zinapita, utumbo unaamka, mgonjwa anakula, kizibo kinaachia, bakteria wanazaana, na ule utando wote unaozunguka matumbo unavimba. Hapo ndipo tumbo linakakamaa na homa inapanda.

Ipo njia ya pili, na hii kweli huchelewa. Utando wenye mishipa ukichanika, kipande cha utumbo kinakosa damu ingawa chenyewe ni kizima. Kinasinyaa, kinageuka rangi, kinaoza taratibu, na kinatoboka siku ya pili, ya nne, pengine hata baada ya wiki. Aliyempasua mdogo wako anajua alikuta nini: tundu moja lenye kingo zilizo hai kwa kawaida ni la wakati wa ajali, na kipande cheusi kilichotoboka katikati ni kile kilichokufa kwa kukosa damu. Muulize. Jibu lake litakutuliza kuliko langu, kwa kuwa yeye aliuona ule utumbo kwa macho yake.

Tuje kwenye vipimo. Ultrasaundi ya majeruhi hutafuta maji tumboni, na maji yanayotafutwa hasa ni damu ya ini au bandama. Kwa kazi hiyo ni kipimo kizuri mno, kinafanyika kando ya kitanda kwa dakika chache na kimeokoa watu wengi. Lakini maji yakiwa chini ya mililita 200 mara nyingi hayaonekani, na tundu la utumbo halionekani kabisa, sembuse tundu lililozibwa. Wale wa Ijumaa waliposema hana damu tumboni walisema kweli. Neno lililowaingia nyinyi masikioni likawa hana kitu, na hayo ni maneno mawili tofauti.

Eksirei ya kifua akiwa amesimama au ameketi wima inaweza kuonyesha hewa chini ya kiwambo cha kifua. Ikionekana, aliyegongwa tumbo anakwenda kupasuliwa. Isipoonekana haimwachii mgonjwa huru, kwa sababu tundu la utumbo mwembamba mara nyingi hutoa hewa kidogo sana. CT skani ndiyo bora kuliko hizo zote, nayo pia ina mpaka wake. Utafiti mkubwa wa vituo vya majeruhi vya Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba katika watu waliothibitika kutoboka utumbo mwembamba, asilimia 13 walikuwa na CT skani isiyoonyesha kasoro yoyote kabla ya upasuaji. Mashine za sasa ni kali kuliko za wakati ule, lakini bado mwenye jeraha la utumbo anaweza kupita. Dalili inayonishtua mimi kwenye picha hizo ni maji tumboni wakati ini na bandama ni vizima. Maji hayo yametoka wapi? Hapo mgonjwa haondoki hospitali mpaka swali lijibiwe.

Na hapa ndipo nafika kwenye jambo ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii. Kwa aliyegongwa tumbo, kipimo kinachokamata utumbo uliotoboka ni kumpima tena. Mkono juu ya tumbo, kila baada ya saa 4 hadi 6, na ikiwezekana mkono wa mtu yuleyule, kwa muda usiopungua saa 24. Hauhitaji umeme wala mashine, na zahanati ya mwisho wa barabara inaweza kuufanya au kumpeleka mgonjwa kwa anayeweza.

Ngoja nikuonyeshe unavyofanyika, ili siku nyingine ujue unachokidai. Mgonjwa analala chali, magoti ameyakunja. Daktari anapasha mkono joto, maana mkono wa baridi unakakamaza tumbo lolote. Anaanza mbali na panapouma, anabonyeza polepole, na macho yake yako usoni kwa mgonjwa. Tumbo lililochubuka ngozi na nyama linauma mahali pamoja, na mgonjwa akivuta pumzi ndefu linalegea. Tumbo lililovuja ndani halilegei hata ukimpigia hadithi. Mwambie akohoe: anashika tumbo na kukunja uso. Tikisa kitanda kidogo: analalamika. Anapenda kulala kimya bila kugeuka, tofauti na mwenye mchango au chango la kawaida anayejigaragaza. Kisha muuguzi anaandika mapigo ya moyo na joto. Mtu mzima aliyetulia ana mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Tuseme saa mbili usiku alikuwa na 84, saa sita 96, alfajiri 112, na hana damu inayotoka popote. Hakuna hata namba moja katika hizo inayotisha ikisimama peke yake, lakini zikipangwa kwenye karatasi moja zinakwambia kuna kitu ndani. Karatasi hiyo ikikosekana, kila anayeingia zamu anamwona mgonjwa kana kwamba amefika sasa hivi.

Kwa nini saa zina uzito hivi? Utafiti mwingine wa Marekani, wa vituo 8 vya majeruhi, uliochapishwa mwaka 2000, uliwafuatilia watu 198 walioumia utumbo mwembamba kwa kugongwa. Waliopasuliwa ndani ya saa 8 walikufa asilimia 2. Kati ya saa 8 na 16, asilimia 9. Kati ya 16 na 24, asilimia 17. Waliopita saa 24, karibu asilimia 31. Hayo yalitokea kwenye hospitali zenye kila kifaa. Mdogo wako alipita hizo saa 24 kwa mbali akatoka salama, na heshima ya hilo nawapa madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa.

Je, wale wa kwanza walizembea? Siwezi kumhukumu mtu ambaye faili lake sijalisoma. Kutokuliona tundu Ijumaa usiku si uzembe, ningeweza kutoliona mimi. Sindano ya maumivu nayo si kosa. Ilidhaniwa zamani kwamba inaficha ugonjwa, lakini mgonjwa aliyepunguziwa maumivu huchunguzika vizuri zaidi, mradi kuna mtu wa kumchunguza tena. Kinachonisumbua ni yale mliyoondoka nayo mlangoni. Kijana aliyekitwa na usukani tumboni, ambaye tumbo bado linauma anapobonyezwa, alistahili kulazwa usiku ule hata kama picha ilikuwa safi. Kama vitanda vilijaa, alistahili karatasi yenye dalili za hatari, saa ya kurudi asubuhi, na mtu wa kumwambia dada yake waziwazi kwamba kipimo hiki hakiangalii utumbo. Kama hayo hayakufanyika, mna haki ya kuuliza. Andika barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali hiyo, eleza tarehe na saa, omba waeleze utaratibu wao wa majeruhi wa tumbo. Barua kama hiyo, ikiandikwa bila matusi, hufanyiwa kazi zaidi kuliko ugomvi wa dirishani.

Jumapili inaniuma zaidi. Homa kwetu ina majina mawili tayari, malaria na taifodi, na duka la dawa lina vidonge vya yote mawili kwenye rafu moja. Lakini mtu aliyegongwa tumbo juzi, leo ana homa na tumbo limejaa, ana ugonjwa wa tumbo mpaka ithibitike vinginevyo. Hata kipimo cha malaria kikisoma chanya, bado tumbo lazima lishikwe na daktari, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria na utumbo uliotoboka kwa wakati mmoja. Vidonge vya maumivu vikirudiwa nyumbani, diklofenaki asubuhi na jioni, vinashusha homa na kumpa mgonjwa uvumilivu wa kungoja siku moja zaidi, na nyumbani hapo hakuna anayempima tena.

Shangazi alikanda kwa upendo, na naomba asilaumiwe. Ila kwa siku zijazo ijulikane katika ukoo mzima: tumbo lililogongwa halikandwi, halichuliwi, wala mwenye tumbo hilo hapewi dawa ya kuharisha au maji ya kuingizwa nyuma ili afungue choo. Kukanda kunaweza kuondoa kile kizibo nilichokueleza na kutawanya uchafu tumbo zima. Asipopata choo wala kutoa upepo wakati tumbo linajaa, hiyo yenyewe ni dalili ya kumrudisha hospitali.

Dalili nyingine za kumrudisha, usiku au mchana: maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au yaliyokuwa mahali pamoja yakaenea. Kutapika, hasa matapishi ya kijani. Homa. Moyo kwenda mbio akiwa amelala. Mkojo kupungua. Kizunguzungu, jasho baridi, au maumivu ya bega la kushoto ambalo halikuumia, kwani hilo linaweza kuwa bandama, nayo huweza kupasuka siku kadhaa baada ya pigo. Njiani asile wala asinywe. Na msizuiwe na PF3: kwa mgonjwa wa dharura huduma inaanza, ndugu mmoja anakwenda polisi kuifuata fomu.

Wapo ambao nawaogopea zaidi kwa sababu hawasemi au hawawezi kusema. Mlevi aliyegongwa, aliyeumia kichwa, na mwenye mfupa wa paja uliovunjika ambao maumivu yake yanameza mengine yote. Mtoto aliyeanguka na baiskeli, mwisho wa usukani ukamwingia tumboni: nje anabaki na alama ndogo ya duara, ndani damu inaweza kujaa kwenye ukuta wa duodeni, yaani kipande cha mwanzo cha utumbo mwembamba, akaanza kutapika kila anachokula siku moja au mbili baadaye. Huyo mara nyingi hapasuliwi. Hulazwa, anawekewa mpira wa puani na kulishwa kwa dripu mpaka uvimbe ushuke, ila ni lazima kongosho lake pia liangaliwe, maana liko palepale nyuma. Na mwanamke aliyepigwa teke nyumbani, akafika hospitali akisema ameteleza bafuni. Dada yangu, kama unamjua wa namna hiyo, mwambie amweleze daktari lililotokea, hata akiomba lisiandikwe mbele ya aliyemsindikiza. Teke la tumbo na kuteleza bafuni havichunguzwi kwa namna moja.

Kwenye basi, mkanda unaokaa juu ya kitovu badala ya kwenye nyonga unaweza kuuminya utumbo gari likigonga. Alama ya mkanda ikibaki tumboni, huyo abiria anahitaji kulazwa na kuangaliwa, na mgongo wake wa chini upigwe picha. Mkanda uendelee kufungwa, unaokoa maisha. Ushushwe tu ukae kwenye mifupa ya nyonga, na mjamzito aupitishe chini ya tumbo.

Sasa mfuko. Madaktari wakikuta usaha mwingi hawapendi kuunga utumbo siku hiyo, kwa sababu mshono kwenye tumbo chafu, kwa mtu aliyedhoofika, unaweza kuachia. Ndiyo maana walitoa mdomo wa utumbo nje. Kwa kawaida hurudishwa ndani baada ya miezi 2 hadi 3, kama kidonda kimepona, uzito umerudi na damu haijapungua. Daktari wake anaweza kusogeza tarehe mbele au nyuma, msimharakishe.

Mpaka wakati huo adui yenu mkubwa ni maji na chumvi. Mdomo wa utumbo mwembamba hutoa choo chepesi, na kadiri ulivyo juu ndivyo unavyotoa zaidi. Pimeni kwa chupa: ikizidi lita moja na nusu kwa siku, au mkojo ukiwa mchache na mweusi, apelekwe hospitali. Akisikia kiu asimiminiwe maji matupu jagi zima, kwa kuwa yanapita na chumvi ya mwili. Anywe ORS kidogo kidogo kutwa nzima. Chakula kiwe mara nyingi kwa kiasi kidogo, wali, ugali laini, samaki, mayai, ndizi, na kitafunwe vizuri. Mahindi ya kuchoma na karanga nzima avisubirie. Ngozi inayozunguka mdomo huo ioshwe kwa maji na kukaushwa, na tundu la mfuko likatwe kwa kipimo cha mdomo wenyewe, kwa sababu choo cha utumbo mwembamba kinachoma ngozi vibaya.

Bodaboda asipande kwa sasa. Asibebe ndoo wala gunia kwa wiki 6 hadi 8 tangu upasuaji, vinginevyo mshono wa tumbo unaweza kuachia ndani akabaki na ngiri. Mfuko ukishatolewa atahesabu tena wiki hizo.

Jambo moja la kuliangalia miezi ijayo. Kipande cha utumbo kilichokosa damu kidogo bila kufa kinaweza kupona kwa kovu, na kovu likabana njia. Hili hutokea wiki kadhaa hata miezi baada ya ajali, na humpata pia aliyegongwa ambaye hakupasuliwa kabisa. Tumbo linasokota muda mfupi baada ya kula, linajaa, linanguruma, anatapika, kisha linatulia mpaka mlo unaofuata, na mtu anaanza kukwepa chakula na kukonda. Wengi hutibiwa vidonda vya tumbo kwa muda mrefu kwa sababu hakuna aliyewauliza kama waliwahi kugongwa. Makovu ya upasuaji wenyewe pia huleta hali kama hiyo. Kwa hiyo kabla hamjapoteana na hospitali ya rufaa, ombeni maelezo ya upasuaji kwa maandishi: tundu lilikuwa wapi, utumbo ulikatwa kiasi gani, utando wa mishipa ulichanika au la. Piga picha kwa simu, tunza na nakala nyumbani, na popote atakapotibiwa tumbo karatasi hiyo itangulie mezani.